Timu ya Baba Anyitike

Dar es Salaam
5 Februari 1995

Mama Anyitike,

Nimefika salama. Treni ilikaa Mlimba mpaka tukaanza kujuana majina, lakini tulifika. Joto la huku halina adabu. Ukiamka shuka ni kama limetoka kufuliwa. Goti linalalamika kidogo kwa kukunjwa sana njiani, si zaidi ya hapo.

Kozi imeanza. Tumetoka mikoa mingi, na karibu wote ni wachezaji wa zamani. Nilipowaambia kwamba nimecheza Kitwe, Zambia, nikilipwa mshahara kwa kazi ya mpira na si nyingine, walinisogezea kiti. Sasa sikia ajabu. Mkufunzi wetu mkuu anaitwa Raphaeli. Ana miwani, ana chaki mfukoni, na hajawahi kuvaa daluga za mpira katika maisha yake. Alituambia mwenyewe, bila aibu. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Jioni tulicheka sana bwenini. Mtu atakuonyeshaje njia ambayo hajapita? Wewe ungekubali kufundishwa kupika na mtu ambaye hajawahi kuwasha moto?

Nitavumilia. Mwenyekiti Abdulswamad alisema wazi kwamba ligi ya wilaya sasa inataka mwalimu mwenye cheti, na nikirudi bila cheti timu atampa mwingine. Miezi sita itapita.

Mwambie Yusuf, niliyemwachia timu, awakimbize vijana asubuhi, asiwadekeze. Yeye amecheza, anajua. Hasa yule Lusubilo, beki wa kushoto. Ana miguu mizuri lakini ana woga, sijui woga wa nini.

Mwambie Anyitike huku kunguru ni wengi kuliko watu.

Mume wako,
Kefa

*

Tunduma
26 Februari 1995

Baba Anyitike,

Barua yako niliisoma nimesimama, maharage yakaungua. Wateja wangu, madereva wa malori, wamekula hivyo hivyo. Mmoja aliuliza kama ni mapishi mapya.

Mvua haijatuacha. Malori yamepanga foleni kwenye tope mpaka karibu na kanisa, nami nashukuru, maana dereva aliyekwama hula mara mbili. Anyitike hajambo. Kila akimwona kunguru anasema ni wa baba.

Vijana wanakusalimu. Wanafanya mazoezi.

Nina jambo la kukuuliza. Miaka yote nimekufulia jezi na sijawahi kukuuliza kazi yenyewe ikoje. Sasa umeondoka, nimepata hamu ya kuielewa. Beki kama Lusubilo, winga akimjia mpira uko mguuni, afanye nini? Na kwa nini watu wote wanakimbilia pale mpira ulipo, kisha mpira ukitoka pale, unakokwenda hakuna mtu?

Lala na dirisha wazi, lakini funika miguu.

Mkeo,
Tabita

*

Dar es Salaam
14 Machi 1995

Mama Anyitike,

Umenifurahisha. Mke wangu anaulizia beki wa kushoto. Niliwasomea wenzangu bwenini, wakasema nina bahati.

Jibu ni hili: beki mzuri anajua tu. Anaona. Mimi nilikuwa namtazama beki usoni, najua huyu amekwisha. Mambo haya hayaelezeki, ni mguu unaojua. Nikirudi nitakuonyesha uani.

Kozi inakwenda vizuri.

Kefa

*

Tunduma
25 Machi 1995

Dada Atuganile,

Barua hii usimsomee mtu, hata mama.

Unamkumbuka Yusuf, yule ambaye Kefa alimwachia timu? Kefa hajatimiza mwezi huko Dar, Yusuf akapata kazi ya utingo kwenye lori la Lusaka, akaondoka na filimbi ya timu shingoni. Mechi ya kwanza vijana walikwenda Itaka peke yao, wakafungwa manne. Kesho yake Sadoki, nahodha, na Lusubilo walikuja kula kwangu, wakashikana mashati juu ya sufuria zangu. Unanijua mimi na sufuria zangu. Nikawakalisha. Nikamwuliza kila mmoja: lile bao la kwanza wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unamwangalia nani? Dada, hakuna aliyejua. Kila mtu anakimbia, na hakuna anayejua kazi ya jirani yake. Nikaona ni kwaya ambayo haijapangwa sauti. Nikawaambia, kesho nitakuja kuwatazama.

Ndivyo ilivyoanza, na sasa mwalimu wao ni mimi. Nasimama pembeni na Anyitike mgongoni, natazama, nauliza, nawapanga. Mpira siujui, lakini najua mtu anapoimba bila kumsikiliza mwenzake. Siku ya kwanza walinicheka, na wapita njia walicheka zaidi. Wapo vijana wawili wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wananiita ba mayo kama wanavyowaita mama zao. Hao ndio waliotangulia kuacha kucheka. Mwenyekiti anapita na pikipiki yake, anatazama upande mwingine. Kwenye karatasi za ligi mwalimu ni Kefa, basi inamtosha.

Utaniuliza kwa nini simwambii mwenyewe. Akijua, atapanda treni ya kwanza. Akirudi bila cheti timu itachukuliwa, naye atarudi kwenye lile benchi la maegesho ya malori. Wewe hukumwona mwaka ule aliotoka Kitwe, goti limekwisha. Alikaa pale kutwa akiwahadithia madereva mabao yake, na madereva wakiondoka aliendelea kukaa. Sitaki kumwona pale tena.

Nimemwuliza mambo ya beki, amenijibu kwamba mguu unajua. Ndiyo shida yake yote. Uwanjani anawaonyesha vijana, wanapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani kama walivyokuja.

Mdogo wako,
Tabita

*

Igamba
8 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Barua yako nimeichoma jikoni, ingawa hukuniambia niichome. Haikusaidia kitu. Jumapili baada ya ibada mchungaji aliniuliza kama ni kweli mdogo wangu anafundisha kwaya ya miguu. Maneno ya mpakani yanasafiri kuliko hayo malori yenu.

Mwambie shemeji kabla hajaambiwa. Mwanaume akiambiwa na mkewe hukasirika, na hasira hupoa. Akiambiwa na mtaa huona aibu, na aibu ni ugonjwa mwingine.

Najua hutanisikiliza. Hukunisikiliza hata nilipokukataza kuolewa na mcheza mpira, na katika hilo sikuwa sahihi sana.

Nakupelekea mahindi mabichi kwa basi la Jumanne. Je, mmeshashinda hata moja?

Dada yako,
Atuganile

*

Tunduma
10 Aprili 1995

Baba Anyitike,

Jibu lako halikunishibisha. Unasema utanionyesha uani. Uani kwetu kuna kuku na kamba ya nguo. Mimi nataka kuelewa sasa, wewe ukiwa huko.

Unamkumbuka marehemu Mwalimu Luka, aliyetufundisha kwaya Mbozi Mission? Sauti yake ilikuwa kama bawaba yenye kutu. Hakuweza kuimba mstari ukanyooka. Lakini siku moja aliniita pembeni akaniambia, "Tabita, wewe unavuta pumzi neno likishafika. Ivute kabla, lije likukute unayo." Tangu siku ile sijawahi kukatika katikati ya wimbo. Yeye asingeweza kunionyesha. Aliniambia, nami nikaweza.

Basi niambie. Chukulia sina miguu, nina masikio tu. Huyo beki afanye nini?

Anyitike ameanza kukataa uji. Nafikiri anakungoja wewe umbembeleze.

Tabita

*

Dar es Salaam
30 Aprili 1995

Mama Anyitike,

Nilikuandikia kwamba kozi inakwenda vizuri. Haiendi vizuri.

Mwezi uliopita Raphaeli alinipa vijana wa mtaani niwafundishe kupokea mpira ukiwa umeligeuzia goli mgongo. Nikaomba mpira, pamoja na goti langu bovu, nikaupokea, nikageuka, nikafunga. Walipiga makofi mpaka wauza machungwa wakasogea. Raphaeli akapuliza filimbi, akamwuliza kijana mmoja, "Umejifunza nini?" Kijana akajibu, "Nimejifunza kwamba huyu mzee ni hatari."

Watu walicheka, nami nikacheka. Raphaeli hakucheka. Aliniletea kiti akasema, "Kaa, Kefa. Sasa wafundishe ukiwa umekaa." Nikakaa. Mama Anyitike, mdomoni mwangu hamkuwa na kitu. Nilikaa pale kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Nimepata alama ya chini kuliko wote, chini hata ya bwana mmoja wa posta ambaye hajacheza popote. Nilikwisha kukunja nguo zangu ili nirudi.

Barua yako ilinikuta nikiwa hivyo. Nikaona, huyu naye ananiletea kiti. Lakini wewe siwezi kukukimbia, basi nimekaa na swali lako bwaloni kila jioni, nimechana karatasi nyingi. Ninachokuandikia ni kile nilichokuwa nikifanyiwa na beki mmoja pale Kitwe, Mzambia mfupi ambaye sikuwahi kumpita. Nilimchukia miaka yote bila kujua ananifanya nini. Nimejua juzi, nikikuandikia wewe.

Fikiria unakamata kuku uani. Ukimrukia, anakupita miguuni. Ukisimama katikati, anachagua upande anaoutaka yeye. Lakini ukisogea kidogo ukaziba upande wenye uwazi, ukamwachia upande wenye ukuta, anaona njia, anaishika mwenyewe. Wewe unatembea naye tu. Huna haraka. Mbele kuna ukuta, na ukuta ni wako.

Kwa beki, mstari wa pembeni ndio ukuta. Lusubilo asimrukie winga. Ampe njia ya ukutani, aende naye, angoje. Nafikiri woga wake ni kwamba anadhani lazima aupate mpira sasa hivi. Si lazima. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na mtu ambaye hakumwambia ni mimi.

Umeelewa? Kama hukuelewa niambie ni wapi, niandike tena.

Mume wako,
Kefa

*

Tunduma
21 Mei 1995

Baba Anyitike,

Nimeelewa. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Nilisikitika juu ya kiti, kisha nikafurahi kwamba umeniambia. Usikunje nguo. Mtu aliyeandika yale ya kuku hawezi kushindwa na bwana wa posta.

Nataka kukwambia jambo. Miaka saba ya ndoa hujawahi kuniambia maneno mengi kiasi kile kwa mara moja. Yote yalihusu kuku, lakini nilipofika pale uliposema "huna haraka" niliisikia sauti yako kabisa, nikaacha kupepeta mchele.

Timu imewafunga Vwawa moja bila, na kule Igamba walitoka sare. Lusubilo sasa anatulia. Sadoki tulimrudisha nyuma kidogo, anaona uwanja vizuri zaidi.

Sasa niambie juu ya mtu wa katikati. Akipewa mpira anakuwa kama mama aliyeitwa na watoto watatu pamoja, hajui amgeukie nani. Atazame wapi kabla mpira haujamfikia?

Baridi imeanza. Kahawa inaiva kwa akina dada.

Tabita

*

Dar es Salaam
9 Juni 1995

Mama Anyitike,

Jana nilikutana na Hamis, dereva wa lori la Mwenyekiti, pale Kariakoo. Aliniambia timu inatisha siku hizi, na kwamba mabeki wakicheza wanapigiana kelele, "Ukutani, ukutani." Akasema hata watoto wa shule wameishika.

Neno hilo sikulifundisha Tunduma. Nimeliandika mara moja tu, na nimekuandikia wewe. Nilipomwuliza nani anafundisha, Hamis aliinama kutazama tairi zake.

Nimezisoma barua zako zote upya. Hakuna hata moja yenye jina la Yusuf. Na umeandika "tulimrudisha."

Nani anafundisha timu yangu?

Kefa

*

Tunduma
18 Juni 1995

Baba Anyitike,

Ni mimi.

Yusuf aliondoka kwenda Lusaka kabla hujatimiza mwezi huko. Walifungwa Itaka, wakaanza kupigana, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kusimama pale kwenye tope kila jioni. Nilianza kwa kuwatazama tu. Baadaye wakawa wananingoja.

Sikukwambia kwa sababu ungerudi. Wewe mwenyewe umesema ulikwisha kukunja nguo, na hapo ulikuwa hujui lolote. Nilitaka ukirudi uwe na cheti mkononi, na timu uikute bado timu. Hilo ndilo nililolitaka.

Kila ulichoniandikia niliwapelekea. Sikusema ni changu. Niliwaambia, "Mwalimu Kefa anasema hivi." Lusubilo nilipompelekea maneno ya kuku aliniuliza, "Kumbe mwalimu aliuona woga wangu?" Nikamwambia aliuona tangu mwanzo, alikuwa anatafuta maneno. Wanakujua sasa kuliko ulipokuwa nao hapa. Nami nakujua zaidi.

Nimebaki na jambo moja. Nikisema nilifanya haya kwa ajili yako tu, na kwamba mimi sikuyafurahia, nitakuwa nakuficha tena. Nimefurahi. Saa ya mazoezi ikikaribia nazima moto wa jikoni mapema. Mtu akipita njia anayotakiwa kupita, na mwenzake akamwona, mwili wangu wote unasisimka, kama sauti nne zinapoingia pamoja.

Timu ni yako. Ukirudi utaikuta.

Mkeo,
Tabita

*

Tunduma
8 Julai 1995

Baba Anyitike,

Posta naenda kila siku, mpaka yule karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mechi ya mwisho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hapa nyumbani, na Vwawa. Atakayeshinda ndiye atakayekwenda ligi ya mkoa. Kama umekasirika, kasirika, lakini kwa kuandika. Nimezoea kukusoma.

Anyitike anakula uji sasa.

Tabita

*

Dar es Salaam
17 Julai 1995

Mama Anyitike,

Nampa Hamis barua hii, yeye ana haraka kuliko posta.

Nilikasirika. Nitakwambia yote, kwa sababu nawe uliniambia yote. Niliwaza mtaa mzima umekaa unanicheka: Kefa wa Kitwe, mkewe ndiye kocha. Kisha nikawaza jambo baya zaidi, kwamba pengine mnashinda kwa sababu mimi sipo. Hilo ndilo lililonifunga mkono nisiandike. Si hasira.

Nikaenda kwa Raphaeli kumuaga, kwamba naondoka. Alikuwa anapiga pasi shati lake. Nikamwuliza bila heshima, "Wewe hujacheza. Unajuaje mambo haya?" Akasema, "Sijui, Kefa. Ndiyo maana nauliza sana." Akaendelea kupiga pasi. Kisha akasema, "Utotoni nililala na mpira kitandani. Kila timu niliyoiomba ilinikataa, na walikuwa sahihi. Wewe ulipewa kile kilichobaki kuwa ndoto kwangu. Mimi nimebaki na hiki cha kufundisha. Usikione kidogo, wala usinionee nacho wivu."

Nilikaa kwenye kitanda chake. Nikamsomea barua yako ya mwezi wa sita, ile yote. Alivua miwani, akaomba nirudie pale Lusubilo aliposema, "Kumbe mwalimu aliuona woga wangu?" Akaniuliza, "Nani amemfundisha huyu kijana, wewe au mke wako?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Vizuri."

Mtihani wa mwisho nilifundisha nikiwa nimekaa, kwa kupenda kwangu. Niliwaeleza habari za mtu wa katikati, yale ya mama na watoto watatu, ambayo ni maneno yako. Nimefaulu. Si wa kwanza. Wa kwanza ni bwana wa posta. Lakini nimefaulu.

Nafika Ijumaa kwa treni, siku moja kabla ya mechi. Naomba usiniachie benchi la mwalimu. Kwaya haibadilishiwi mwalimu wimbo ukiwa katikati. Nitakaa na watazamaji. Sijawahi kukutazama ukifanya kazi, nami nina hamu.

Mume wako,
Kefa

*

Tunduma
1 Agosti 1995

Dada Atuganile,

Kahawa imekuzuia kuja, nakusamehe, lakini ulikosa.

Umeuliza kwa kinywa cha yule mama wa basi ni nani mwalimu sasa. Mwenyekiti alikuja jana kwangu, akala wali, akafuta ndevu, akasema, "Nilisajili jina moja, nimepata walimu wawili. Nitamlalamikia nani?" Basi ndivyo ilivyo. Tunakwenda uwanjani wote wawili. Kefa amewachukua mabeki, mimi nimebaki na waliobaki, na tunabishana njia nzima ya kurudi nyumbani.

Lakini nataka kukueleza Jumamosi.

Kefa alikaa na watazamaji kama alivyoahidi, Anyitike mapajani, karibu na wauza karanga. Watu walimtania, naye aliwajibu kwa upole. Mpaka mapumziko tulikuwa sare ya moja kwa moja. Kuna mchezaji wao namba kumi alikuwa anatokea nisikomwona, kila mara peke yake. Nikamfuata Kefa pale alipokaa, nikamwambia, "Huyu ananiponyoka, anapita wapi?" Akasema, "Anajificha mgongoni kwa Sadoki. Sadoki anautazama mpira, naye anamtazama Sadoki. Mwambie Sadoki kila baada ya pasi ageuze shingo." Nikamwuliza kama atakuja kumwambia mwenyewe. Akasema, "Kamwambie. Wewe wanakusikia."

Nikaenda nikamwambia Sadoki, na mchezo wa namba kumi ukafa pale pale.

Dada, tulicheza vizuri. Nisingependa mtu akwambie vinginevyo. Lusubilo alimkalisha winga wao kona ya uwanja mpaka winga akaanza kugombana na refa. Lakini dakika za mwisho walipata kona. Mpira ukapaa, watu wakaruka wote, ukamgonga Lusubilo kichwani ukaingia golini kwetu. Mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo kama hilo. Filimbi ikalia. Mbili kwa moja. Vwawa ndio wanaokwenda mkoani.

Vijana walikaa chini kila mmoja pale alipokuwa. Lusubilo alikaa kando ya mlingoti wa goli, amefunika uso kwa jezi. Mimi nilikuwa na maneno tayari. Kwenye kwaya, wimbo ukiharibika, unawaambia ukweli kwa upendo, mnaanza mwingine. Nikaanza kumwendea. Nilipomkaribia nikaona sina ninachokijua. Sijawahi kukaa pale. Sijui mtu aliyekaa pale anasikia nini, na ni neno gani linaweza kumfikia.

Kefa akanipita, amemwacha Anyitike kwa wauza karanga. Alikwenda akichechemea, akajishusha vumbini kando ya Lusubilo, akanyoosha lile goti lake. Hakumgusa. Alikaa tu, kama watu wawili wanaongoja basi moja. Baadaye akasogea, akaanza kumfungua kamba za daluga, taratibu, ya mguu huu kisha ya mguu ule, akazivua, akazipanga pamoja. Lusubilo akautoa uso kwenye jezi. Wengine wakawa wanakuja mmoja mmoja, wanakaa. Nikayameza maneno yangu, nikakunja kitenge, nikakaa nao.

Baridi ilipoanza kuuma Kefa alitaka kusimama, goti likakataa. Akajaribu tena. Akanitazama akasema, "Mama Anyitike, limegoma." Vijana wakacheka, wa kwanza Lusubilo. Yeye akamshika Kefa kwapa la huku, peku, Sadoki akashika la kule, wakamnyanyua. Alipokwisha kusimama hawakumwachia. Walikwenda naye hivyo mpaka nyumbani, wakibishana juu ya ile kona, nani alitakiwa awe wapi.

Nami nikamchukua Anyitike mgongoni, nikaziokota zile daluga, nikawafuata.

Mdogo wako,
Tabita